Mgonjwa Haambiwi

Maskat, 9 Novemba 2024

Wifi yangu mpenzi Ummulkheir,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta u salama, kwa kadiri usalama unavyowezekana kwa mtu mwenye mtihani kama wako. Sisi huku wazima, twamshukuru Mola.

Nimekupigia simu mpaka nimechoka. Kaka Idarus alinambia simu umeiacha na hutaki kusumbuliwa, nami sikulaumu. Kesho jirani yetu Haroun asafiri kuja huko, kwa hivyo nimeona nimpe barua, na ndani ya mzigo nimekutilia ubani, mafuta ya zeituni na maji ya Zamzam. Unywe kwa nia.

Nina habari ya furaha. Hanin wangu ameposwa na Hamdan, mtoto wa Bi Ruweida wa Kibokoni. Watu wazuri, ila mamake mtu wa heshima mno, neno dogo humkaa moyoni. Twataka arusi iwe Mombasa mwezi wa Februari, inshallah, na siku ya hina tuifanye kwako, nyumba ya mama yako, maana ukumbi wake hauna mfano Mji wa Kale mzima.

Nakuomba jambo moja tu, wala usijichoshe nalo. Nichagulie leso za sare za wanawake wa pande zote mbili. Wewe jicho lako la leso nalijua. Ukiona mwili haukupi nguvu, acha, tutamtafuta mwengine.

Wifi yako akupendaye,
Jana


Mji wa Kale, Mombasa, 20 Novemba 2024

Kwa wifi yangu Jana,

Waaleikum salaam. Barua yako nimeipokea, na ubani, na mafuta, na maji. Mungu akuzidishie kwa kadiri ya nia yako.

Hongera ya Hanin. Nyumba ni yenu. Ukumbi nitaupaka chokaa na mikeka nitaitoa.

Simu kweli nimeiacha. Sauti ya mtu siku hizi hutoka kinywani ikafika kwa watu ambao hata majina yao huyajui. Karatasi ina adabu zaidi, huenda ilikotumwa. Basi tuandikiane hivi hivi.

Leso usizifikirie. Nitachagua rangi, nitachagua na jina la kuandikwa, nitazikunja na kuzitia kwenye mifuko moja moja. Kazi yako itakuwa kuwapa wageni kwa mkono wako, maana wewe ndiwe mama wa bibi arusi na heshima ni yako.

Wifi yako,
Ummulkheir


Mji wa Kale, 21 Novemba 2024

Mdogo wangu Shukri,

Salamu nyingi kwako na wanao. Barua hii nimempa dereva wa gari la Malindi, atakuletea hospitalini kwenu. Isome ukiwa peke yako, kisha uichane.

Jana ameandika. Ati nimchagulie leso! Amenitia kaburini kwa ulimi wake, sasa ataka nimpambie arusi. Nimekubali, tena kwa maneno ya asali. Ngoja nikueleze kwa nini, maana wewe ulikuja baadaye, hukuyaona ya mwanzo.

Wakumbuka hali niliyokuwa nayo. Hedhi ilikwisha zamani, nikashukuru kuwa nimepumzika, kumbe ndiyo kwanza naanza. Vidole vikavimba hata pete ya arusi ikakatwa na sonara. Magoti yakawa yanalia kwenye ngazi. Nikisimama kuswali, joto lanipanda kutoka kifuani mpaka utosini, jasho lanitiririka, na feni iko juu yangu. Jana alikuwa yuko huku likizo, akanipeleka kwa daktari. Daktari akanibonyeza vidole, akasema, "Mama, mwili wako una uvimbe. Tutapima damu, majibu tutakupigia simu." Nambari iliyoandikwa kwenye kadi ilikuwa ya Idarus, kama kawaida. Siku chache baadaye Idarus akanambia majibu yametoka, ni uzee, hakuna dawa, nipumzike.

Jana alikuwa amelisikia lile neno "uvimbe" kwa masikio yake. Akaketi akarikodi sauti, akaitupa kwenye kundi la wanawake la simu. Niliisikia kwa jirani. Analia: "Tumuombeeni dua wifi yangu, ana uvimbe wa kizazi, hali ni mbaya, na tafadhalini asiambiwe."

Asiambiwe! Shukri, hapo ndipo aliponimaliza. Nikisema mimi si mgonjwa wa kufa, watu wanatazamana kwa huruma: maskini, hajaambiwa. Nikikana, nazidi kuwa mgonjwa. Wanawake wakaanza kuja mmoja mmoja kunitaka radhi, kama mtu anayeaga. Mmoja akaniuliza mkufu wangu nimemuusia nani. Mimi niliyewasinga na kuwapamba mabibi arusi wa mtaa huu tangu ujana wangu, hakuna tena aniitaye. Nani ataka mwanawe aguswe na mikono ya mtu anayekwenda kuoshwa?

Na Idarus, kwa dua hizo hizo, akaoa msichana wa Makadara. Watu wote wakamuunga mkono, ati mgonjwa naye apumzike. Mahari alipeleka Jana mwenyewe. Zamu yangu mume haji. Asema daktari amekataza nisisumbuliwe.

Ulipokuja ukanichukua Malindi, yule daktari wenu akanipima upya, akanipa dawa, vidole vikanyooka. Lakini hakuna aliyeamini. Wasema, "Mgonjwa hupata nafuu kabla ya kukata roho."

Sasa sikiliza. Nataka jina langu lirudi mbele ya wanawake wale wale. Leso nimeziagiza Biashara Street, kwenye duka lisilo la mume wangu. Rangi ya zafarani na nyeusi, nzuri mpaka utalia. Na jina lake hili hapa:

VIMBA UPASUKE, MIMI NISHAPOA.

Atazigawa yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Nataka nimtazame usoni zikifunguliwa.

Dada yako,
Ummulkheir


Malindi, 2 Desemba 2024

Dada Ummulkheir,

Shikamoo dada. Barua yako sikuichana, nimeisoma mara mbili na nimekasirika kwa niaba yako. Kisha nikaogopa.

Hebu tuanze na lile neno. Nalisikia kila siku wodini na kila siku laniletea taabu. Sisi tuna "uvimbe" mmoja na magonjwa mawili. Kidole kilichojaa maji ni uvimbe, na nyama mbaya iliyoota tumboni nayo ni uvimbe. Daktari wako wa kwanza alikusudia ule wa kwanza. Ile homoni ya kike, estrojeni, kazi yake si uzazi pekee. Pia husaidia kuwatuliza wale askari wa mwili wanaopigana na maradhi. Hedhi ikikoma, homoni hupungua, na kwa baadhi ya wanawake askari wale hukosa wa kuwashika mikono. Wanawasha moto pasipo adui, viungo vinajaa, mwili unachemka, usingizi unaruka. Si kila mwanamke na si kwa kiasi kimoja, lakini hutokea, na yana matibabu. Si aibu, si saratani, wala si jini.

Kwa hivyo, dada, yawezekana Jana alikosea kusikia. Muulize. Mwambie kwa mdomo, au hata kwa karatasi yako hiyo yenye adabu.

Leso usiitoe. Nakuomba. Barua ina anwani, leso haina. Kila atakayeifunua atajiuliza, "Naambiwa mimi?" Na siku ile nyumba itakuwa imejaa wakwe.

Wasalaam,
Mdogo wako Shukri


Mji wa Kale, 9 Februari 2025

Shukri,

Imekwisha.

Ukumbi ulijaa hata kwenye ngazi. Jana amevaa dhahabu zake zote, yuwapita na kapu, anampa kila mtu mfuko wake, "Karibu mama, pokea sare, hii chaguo la wifi yangu mgonjwa." Mgonjwa! Kanisema hivyo nikiwa nimesimama pale pale na sinia la halua mkononi, sinia ambalo wao hawalinyanyui hata wakiwa wawili.

Wakafungua. Kisha bibi mmoja wa Kuze akasoma kwa sauti, herufi kwa herufi, kama mtoto wa chuo cha Kurani: "Vimba... upasuke... mimi... nishapoa." Kicheko kikaanzia jikoni kikaja mpaka mbele. Wale wa upande wetu wote walielewa. Walinitazama mimi, wakamtazama Jana, wakaitazama mikono yangu. Mmoja akapiga kigelegele. Jana akawa amesimama na kapu lake, uso umemwiva, hajui aende wapi.

Hata ningepewa Mombasa nzima na daraja lake, singefurahi kuliko nilivyofurahi kwa dakika ile.

Bi Ruweida aliondoka mapema, sikujua kwa nini. Wasema kichwa kilikuwa kikimuuma.

Dada yako,
Ummulkheir


Maskat, 19 Februari 2025

Kwa Ummulkheir,

Asalaam aleikum.

Sikukuaga nilipoondoka kwa sababu ningefungua kinywa ningelia, nami sikutaka ulione hilo pia.

Bi Ruweida hakuwa akiumwa na kichwa. Alinivuta uani, kwenye kiambaza cha nyuma, leso mkononi, akanambia, "Yani wewe Jana wanipa mimi hii kwa mkono wako? Mimi ndo n'lovimba? Kwa kuwa n'lisema mahari yenu makubwa, ndo waniambia nipasuke mbele za watu?" Akanitupia leso miguuni. Nimeapa, nimemshika magoti, hakusikia. Arusi ilifanyika kwa ajili ya Hamdan tu, alimlilia mamake. Leo Hanin yuko nyumba ile, anapika, anafua, na mama mkwe hamjibu salamu. Mwanangu ana umri wa miaka ishirini na mbili, Ummulkheir. Yeye alikukosea nini?

Mimi nilidhani labda maradhi yamekupanda kichwani. Ndipo Shukri akanipigia simu. Akaniuliza ni nani aliyeniambia una uvimbe wa kizazi. Nikashangaa kwamba aniuliza, maana nilidhani nyote mwajua. Aliyenambia ni kaka yangu.

Nilipotoka na wewe kwa daktari sikusema neno kwa mtu, Mungu ni shahidi. Nilingoja majibu. Idarus akaja kwangu, akakaa, akalishika paji la uso. Akasema, "Daktari amenipigia. Ni uvimbe wa kizazi, umeshaenea. Usimwambie mwenyewe, atakufa kwa hofu." Nikalia mpaka sauti ikanikauka. Ndipo nikaomba dua kwa wanawake, kwa kuwa sikujua la kufanya jengine. Na aliponambia ataka kuoa mtu wa kumsaidia mambo ya nyumba wakati wewe umelala, niliona ana haki. Nilipeleka mahari nikidhani nakusaidia wewe.

Shukri asema huna kitu. Asema ni homoni. Sasa nambie, kaka yangu alidanganywa na daktari, au mimi nilidanganywa na kaka yangu?

Jana


Mji wa Kale, 6 Machi 2025

Jana,

Waaleikum salaam. Ramadhani karim.

Niliposoma barua yako niliiweka chini nikavaa buibui, nikaenda moja kwa moja kwa yule daktari wa kwanza. Yuko bado. Akafungua kompyuta yake. Akanambia: "Mama, nilizungumza na mumeo mwenyewe. Nilimwambia si saratani. Nilimwambia homoni zimepungua na mwili unawaka, aje na wewe tuanze matibabu. Akasema atakuleta. Hakukuleta." Nikamuuliza kama mume wangu alielewa. Akasema, "Aliuliza mara mbili, 'Kwa hivyo hafi?' Nikamwambia hafi."

Jibu lako ndilo hilo.

Kwa Hanin nimekosa, na nimekwenda kwa Bi Ruweida mchana wa Jumatatu, nimeivaa leso ile ile, nikakaa chini kwenye mkeka nikamwambia jina lile nilimkusudia nani na kwa nini. Alinisikiliza, akalia, akanionyesha vidole vyake. Navyo vimejaa hata hawezi kufunga kitufe, na kwa mwaka mzima hakumwambia mtu, ati aogopa naye ataanza kuombewa dua. Nimempa jina la daktari. Jioni Hanin aliitwa kufuturu meza moja na mkwewe.

Kwako wewe nimekosa nusu. Nusu nyengine ni yako: dua huombwa kwa Mungu, haiombwi kwenye kundi la simu.

Nilitaka kusema niwie radhi lakini hasira imejaa kinywani, haina nafasi. Nipe muda. Nina mtu wa kumshughulikia kwanza, na yeye ni ndugu yako wa tumbo moja. Ukitaka kumtetea, niandikie sasa.

Ummulkheir


Maskat, 15 Machi 2025

Ummulkheir,

Sina la kumtetea. Mahari niliyoipeleka kwa mkono wangu yaniwasha mpaka leo. Fanya, na ukihitaji shahidi kwa Kadhi, nitakuja kwa nauli yangu.

Jana


Mji wa Kale, 24 Machi 2025

Kwa Bwana Idarus, dukani Biashara Street,
kwa mkono wa Bwana Kenga, msaidizi wake.

Asalaam aleikum.

Bwana Kenga, najua ni wewe unayesoma. Bwana Idarus havai miwani mbele ya wateja wa kike, na barua zake zote humsomea wewe, tena kwa ile sauti yako ya kuitia wanunuzi. Leo nakuomba usiipunguze. Ni kumi la mwisho la Ramadhani na duka limejaa wanawake wanaotafuta leso za Idd. Nimengojea siku hii makusudi. Akikunyang'anya karatasi, usigombane naye, nimeandika ya pili, na anayo jirani yangu Bi Maryamu aliyesimama hapo mlangoni. Sauti yake mwaijua nyote.

Bwana Idarus, daktari alikupigia simu akakwambia mkeo hafi. Ukamuuliza mara ya pili ili uhakikishe. Ulipohakikisha, ukatoka ukaniua mwenyewe. Dada yako ukampa uongo, naye akaulilia machozi ya kweli. Dawa ilikuwako, ukaificha. Nikawa naamka na vidole kama ndizi mbichi, sipati kufunga kanga kiunoni, nawe wanitazama kitandani wanambia ni uzee, vumilia.

Kuoa ni haki yako, ungeniambia nataka kuoa, ningekasirika, ningelia, yangekwisha. Wanaume wangapi wameoa! Lakini wewe ulitaka uoe na usifiwe. Ukataka watu waseme, masikini Idarus, mtu mwema, mke wake yuwafa naye hajamwacha. Kwa ajili ya sifa hiyo ukanizika, nami naswali, nafunga, napika futari.

Enyi wanawake mlio dukani, mlioniombea dua, Mungu azipokee. Mimi si mgonjwa wa kufa. Hedhi imenikoma kama itakavyowakoma nyote, mwili ukawaka, nimetibiwa. Mwenye kuvimba vidole, mwenye joto lisiloeleweka, mwenye kukosa usingizi, nyumba yangu mwaijua, njooni niwaelekeze kwa daktari. Na mwendapo kwa daktari, andikisheni nambari zenu wenyewe.

Kwa Kadhi nimeshapeleka ombi la kuvunja ndoa. Dada yako atakuja kunitolea ushahidi.

Nyumba hii ni ya mama yangu, kufuli nimebadilisha. Kitanda chako nimekitoa. Kiko barazani tangu asubuhi, na godoro lake, na mto wako juu yake, na nguo zako nimezikunja miguuni. Tuma mkokoteni ukichukue. Wapita njia wakikiona hivyo, kama vitolewavyo vitanda vya marehemu, wanasimama wananiuliza, "Nani kafa?" Nawajibu ni mume wangu. Wananipa mkono wa pole, naupokea.

Ummulkheir binti Mzamil